Dawa za maumivu baada ya upasuaji: Si za afyuni, lakini zina masharti

MGONJWA anayetoka chumba cha upasuaji katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, awe Kigali, Mwanza, Mbarara au Bujumbura, ana uwezekano mkubwa wa kutulizwa maumivu kwa dawa mbili: diklofenaki na paracetamol. Mofini imefungiwa kabatini, kama ipo. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani hupewa bahasha ndogo ya karatasi yenye vidonge, juu yake imeandikwa 1x3 kwa kalamu, na kazi ya kupona inahamia kwa familia.

Kwa wengi bahasha hiyo inatosha. Wiki mbili baadaye mshono umefunga na vidonge vimesahaulika. Kwa wachache mambo huenda kombo: tumbo linavuja damu, mkojo unapungua, ini linashindwa kazi. Tatizo la dawa hizi ni kwamba zimezoeleka mno. Zinauzwa dukani pamoja na sabuni na sukari, hazileweshi, hazina uraibu, na kwa hiyo watu wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya, huzichukulia kana kwamba hazina madhara yoyote.

Njia mbili, mahali pamoja

Nchini Marekani dawa za maumivu zisizo za jamii ya afyuni zinapigiwa debe kwa sababu ya janga. Tangu OxyContin iingie sokoni mwaka 1996, madaktari wa huko waliandika dawa za jamii ya afyuni kwa wingi, kuanzia kwa aliyeng'olewa jino hadi kwa aliyebadilishiwa goti. Baadhi ya waliotoka hospitali na chupa ya vidonge walibaki na uraibu, na wengine wakahamia heroini na fentanili. Mwaka 2022 peke yake, watu zaidi ya 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za kulevya. Ndiyo maana tangu Januari 1, 2025 sheria iitwayo NOPAIN inaitaka Medicare, bima ya afya ya wazee, ilipie kando baadhi ya dawa na vifaa vya kutuliza maumivu visivyo vya afyuni, ili hospitali zisione hasara kuvitumia.

Afrika Mashariki imefika mahali hapo hapo kwa njia nyingine kabisa. Hapa afyuni ya hospitali haikumwagika; ilikuwa haba tangu mwanzo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini hupata tani 0.1 tu. Uganda ilipata sifa kwa kuchukua njia yake: taasisi ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kuchanganya mofini ya maji ya bei nafuu kwa wagonjwa wa saratani, na Rwanda nayo baadaye ikaanza kutengeneza ya kwake. Lakini katika wodi ya kawaida ya upasuaji, hasa ya hospitali ya wilaya, muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi usiku ana sababu ya kuiogopa mofini. Mgonjwa aliyepewa mofini anahitaji kuangaliwa anavyopumua.

Kwa hiyo diklofenaki na paracetamol zinabeba mzigo wote. Na mzigo huo si wa kudharau, kwa sababu maumivu yasiyotulizwa nayo yana madhara. Aliyepasuliwa tumbo akiogopa kukohoa, makohozi hubaki kifuani na nimonia huanza. Asipotembea, damu inaweza kuganda miguuni. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akishindwa kuketi, kumnyonyesha mtoto kunakuwa kazi. Anayedhani ushujaa ni kuvumilia bila dawa anajidanganya sawa na anayemeza vidonge bila kuhesabu.

Dawa moja, kazi tatu

Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane, akifanya kazi London, alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Diklofenaki, ibuprofeni, ketorolaki na ndugu zao wengi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Prostaglandini ndizo zinazofanya kidonda kivimbe na kuuma. Zikizuiwa, maumivu hupungua. Ila mwili unazitumia pia kwa shughuli nyingine. Zinalinda utando wa tumbo dhidi ya asidi ya tumbo lenyewe. Zinapanua mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Na kemikali nyingine ya ukoo huo husaidia chembe za damu kushikana ili kuziba jeraha. Dawa haichagui. Ikizuia maumivu ya mshono, inagusa na tumbo, na figo, na kuganda kwa damu.

Kwa kijana mwenye afya, kwa siku tatu hadi tano, mwili hulimudu jambo hilo bila shida. Swali ambalo daktari anapaswa kujiuliza kabla ya kuandika dawa ni kama mgonjwa aliye mbele yake ni huyo kijana mwenye afya.

Mara nyingi mgonjwa huyo ni mwanamke. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 ukihusisha wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, ulikuta kwamba upasuaji mmoja kati ya mitatu ulikuwa wa kujifungua. Kwa mama wa aina hii dawa hizi ni chaguo zuri kwa kweli. Hazimfanyi asinzie akiwa na mtoto kifuani, na ibuprofeni na paracetamol hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, hivyo zinakubalika kwa anayenyonyesha. Kodeini, ambayo ni ya jamii ya afyuni, ndiyo anayopaswa kuiepuka, kwa sababu miili ya baadhi ya wanawake huigeuza kuwa mofini kwa kasi na kumfikia mtoto kupitia maziwa.

Hatari kwa mama inaanza pale alipopoteza damu nyingi. Damu ikipungua mwilini, figo huishi kwa kutegemea zile prostaglandini zinazoshikilia mishipa wazi. Ukiizima kinga hiyo wakati huo huo, figo zinakosa damu. Ongeza kwamba huenda hajanywa maji tangu jana yake kwa sababu ya upasuaji, na kwamba anachomwa jentamisini kuzuia maambukizi, dawa ambayo yenyewe ni kali kwa figo, na hapo mizigo mitatu imekutana. Mwenye kifafa cha mimba kilichokwisha kugusa figo naye yumo katika kundi hili. Dalili ya kwanza si maumivu. Ni mkojo kupungua, na mkojo huo ni rahisi kuupima kama kuna mtu wa kuuangalia.

Ukali wa diklofenaki kwa figo uliwahi kujulikana kwa namna isiyotarajiwa huko Asia ya Kusini. Tumbusi, wale ndege wala mizoga, walikuwa wakitoweka kwa mamilioni bila mtu kujua sababu. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa Pakistan walieleza kwamba ndege hao walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Binadamu si tumbusi, na figo zake huivumilia dawa hii vizuri zaidi, lakini kisa hicho kinafaa kukumbukwa na anayesema hii ni dawa ya kawaida tu.

Wazee, tumbo na moyo

Mzee wa miaka 65 aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri au wa tezi dume ni habari nyingine. Mara nyingi anatumia dawa za shinikizo la damu: enalapril au losartan, pamoja na dawa ya kukojoza. Diklofenaki ikiongezwa juu ya hizo mbili, figo zinabanwa kutoka pande tatu. Madaktari wanaufahamu mchanganyiko huo kwa jina baya kila mahali, na bado unaandikwa, kwa sababu aliyeandika dawa za presha yuko kliniki moja na aliyeandika za mshono yuko wodi nyingine.

Mwenye historia ya vidonda vya tumbo anapaswa kusema mapema, hata kama vilitibiwa miaka iliyopita. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, au dawa za steroidi, au mwenye pumu ambayo huamka akimeza aspirini. Wapo wanaopewa omeprazoli kulinda tumbo, na hilo husaidia. Kula kwanza ndipo umeze dawa ni desturi nzuri, ila hakumkingi mtu na kidonda cha tumbo, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu hulifikia tumbo kwa njia hiyo hata kama ilichomwa sindano.

Kuhusu moyo, somo lilikuja kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitengenezwa dawa za maumivu zilizokusudiwa kuliacha tumbo salama. Mojawapo, Vioxx ya kampuni ya Merck, iliondolewa sokoni Septemba 30, 2004 baada ya jaribio kuonyesha kwamba watumiaji wake wa muda mrefu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi. Mwaka uliofuata jaribio jingine kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo lilionyesha hatari hiyo hata kwa siku chache za matumizi ya dawa za kundi hilo. Tangu hapo dawa zote za ukoo wa diklofenaki haziruhusiwi mara baada ya upasuaji wa aina hiyo.

Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitangaza kwamba diklofenaki yenyewe ina hatari kwa moyo inayofanana na ya kundi hilo, hasa kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu. Mwaka huo huo watafiti wawili, Patricia McGettigan na David Henry, walichunguza orodha za dawa muhimu za nchi 100. Diklofenaki ilikuwemo katika 74, ingawa Shirika la Afya Duniani halijaiweka katika orodha yake. Lililoweka ni ibuprofeni. Nchi zetu zimeendelea na diklofenaki kwa sababu ni rahisi, ina nguvu, na ina sindano. Kwa mgonjwa mwenye kisukari, presha au aliyewahi kupata kiharusi, sababu hizo tatu hazitoshi.

Na hiyo sindano nayo ina mambo yake. Ikichomwa vibaya makalioni inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kumwacha mtu akiburuta mguu, au ikaozesha nyama pale ilipoingia. Maelekezo ya watengenezaji ni kwamba isizidi siku mbili, kisha mgonjwa ahamie kwenye vidonge, na kwa siku nzima kipimo kisizidi miligramu 150 kwa njia zote. Ketorolaki, ambayo ni kali zaidi, haipaswi kuzidi siku tano. Lakini imani kwamba sindano inaponya na kidonge kinadanganya imekita mizizi, na wapo wagonjwa wanaoomba wachomwe hata wakati wanaweza kula ugali na kumeza kidonge bila taabu.

Jina hili hapa, jina lile ng'ambo

Paracetamol haimo katika ukoo wa diklofenaki. Haichokozi tumbo wala figo kwa kiwango hicho, na ndiyo msingi wa matibabu ya maumivu baada ya upasuaji karibu kila mahali duniani. Hatari yake ni moja, nayo ni ya ini, na huja kwa kuzidisha. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida, mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500 vilivyogawanywa kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, aliyekonda kwa maradhi au anayekunywa pombe sana anapaswa kupewa pungufu. Watoto hupimiwa kwa kilo zao.

Nani atameza zaidi ya vidonge vinane kwa siku? Jibu ni yule asiyejua kwamba anavimeza. Katika ukanda huu mgonjwa huvuka mpaka na dawa zake. Mama kutoka Bukavu aliyetibiwa Kigali, au mfanyabiashara wa Bujumbura aliyepasuliwa Kampala, anaweza kuwa na Doliprane au Efferalgan aliyonunua kwao, Panadol aliyoinunua dukani, na bahasha ya hospitali iliyoandikwa paracetamol. Zote tatu ni dawa moja. Ndugu akimtumia vidonge kutoka Marekani, chupa itaandikwa acetaminophen, na hiyo ni ile ile. Diklofenaki nayo ina majina: Voltaren ni diklofenaki. Tena kuna vidonge vinavyochanganya diklofenaki na paracetamol katika kidonge kimoja, maarufu Tanzania kwa jina la diklopa, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Anayemeza diklopa kwa maumivu na paracetamol juu yake kwa homa ameshaanza kuzidisha.

Mpango wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012, na umesaidia mamlaka za nchi wanachama kukagua dawa kwa pamoja. Lakini lugha ya karatasi iliyomo ndani ya pakiti bado ni tatizo. Pakiti moja ina maelezo ya Kifaransa, nyingine ya Kiingereza, na msomaji wa Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda anabaki na rangi ya kidonge kama mwongozo.

Aliyezidisha paracetamol mara nyingi hajisikii vibaya siku ya kwanza, zaidi ya kichefuchefu. Ini huanza kuonyesha dalili siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu kumeza. Kwa hiyo aliyegundua amezidisha asisubiri kuumwa ndipo aende hospitali.

Jambo jingine linalochanganya watu ni tramadoli. Wauzaji huiuza kama "ya maumivu makali" kana kwamba ni kaka mkubwa wa Panadol. Tramadoli ni ya jamii ya afyuni, inaleta uraibu, na inaweza kusababisha degedege.

Kutoka ganzi hadi kidonge kipya

Kuna njia ya kupunguza vidonge vyote hivyo, nayo ni ganzi. Daktari wa upasuaji anaweza kuchoma bupivakaini kando ya mshono kabla ya kufunga, au mtaalamu wa usingizi akaielekeza kwenye mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo, akitumia mashine ya ultrasaundi ikiwepo. Mgonjwa huamka na saa kadhaa za nafuu. Ni ajabu kwamba njia hii, ambayo dawa yake tayari iko katika kila chumba cha upasuaji kwa ajili ya ganzi ya uti wa mgongo, hutumika kidogo kuliko inavyostahili. Masharti yake ni kipimo: kwa kanuni ya kawaida ya miligramu 2 kwa kila kilo, mtu wa kilo 50 asizidi miligramu 100, na sindano isiingie ndani ya mshipa wa damu. Ikiingia, inaweza kusimamisha moyo. Tiba yake ni mafuta maalumu ya kutiwa kwenye mshipa, yaliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza kuokoa maisha ya namna hiyo mwaka 2006, na chumba kinachochoma ganzi nyingi kinapaswa kuwa nayo karibu.

Ketamini kwa kipimo kidogo nayo hutuliza maumivu bila kuzima pumzi, ingawa baadhi ya wagonjwa huona maluweluwe. Mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya wanaoitumia kujilewesha. Shirika la Afya Duniani lilipinga, likieleza kwamba katika nchi maskini hiyo ndiyo dawa ya usingizi pekee iliyopo katika hospitali nyingi. Gabapentini na pregabalini, zilizosifiwa sana miaka iliyopita, hazikufikia sifa zao: uchambuzi wa mwaka 2020 ulikuta kwamba faida yake kwa maumivu ya upasuaji ni ndogo mno, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikwisha kuonya kwamba zinaweza kudidimiza pumzi, hasa kwa wazee na zikichanganywa na afyuni.

Kwa upande mwingine, dawa za zamani zimepata ushahidi mpya. Mapema mwaka 2025 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu zaidi ya 1,800 waliong'olewa magego. Waliopewa ibuprofeni pamoja na paracetamol walipata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge cha afyuni chenye paracetamol.

Januari 30, 2025 FDA iliidhinisha suzetrigini, inayouzwa kwa jina la Journavx, dawa ya kwanza ya aina yake. Haigusi prostaglandini wala ubongo. Inaziba mlango mdogo kwenye mishipa ya fahamu ambao ishara ya maumivu hupitia kabla ya kufika kwenye uti wa mgongo. Ilijaribiwa kwa waliopasuliwa kidole gumba cha mguu na waliopunguzwa nyama za tumbo, na ikatuliza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa, lakini haikushinda kidonge cha afyuni kilicholinganishwa nayo. Bei yake ilipoanza ilikuwa dola 15.50 kwa kidonge kimoja, na mgonjwa huanza na viwili kisha kimoja kila baada ya saa 12, hivyo wiki moja ni zaidi ya dola 200.

Siku itakapofika katika famasi za Nairobi au Kigali, mfamasia atakuwa na maswali mengine ya kuuliza. Suzetrigini haichanganywi na dawa zinazozuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja, na ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinazotumika ukanda huu, ni mojawapo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini ana tatizo la upande wa pili: ini lake litaivunja na kuiondoa dawa hiyo kabla haijamfaa kitu.